Gogo au Mbao: Mitumbwi ya Wavuvi wa Ujiji na Kigoma

Mvuvi wa mwambao wa Ujiji na Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, alikuwa na aina mbili za vyombo vidogo vya kuchagua: mtumbwi wa gogo, unaochongwa kwenye mti mmoja, na mtumbwi wa mbao, unaoungwa kwa misumari. Kilichoamua achukue upi ni miti iliyopatikana, aina ya wavu na mwanga wa kuvulia usiku.

Mtumbwi wa gogo ndio wa kale. Ile mikubwa ilichongwa kwa mivule ya milima ya Ugoma, ng'ambo ya magharibi, kisha ikavushwa ziwa kuletwa Ujiji. Mpelelezi Richard Burton, aliyefika Ujiji pamoja na mwenzake John Speke Februari 1858, aliandika kwamba mtumbwi mkubwa kati ya miwili iliyowapeleka Uvira, kaskazini mwa ziwa, ulikuwa na urefu wa futi 60 na upana wa futi 4 tu. Vipimo hivyo vinaonyesha tabia ya gogo: urefu huongezeka kadiri mti ulivyo mrefu, lakini upana hauwezi kuzidi unene wa shina. Kwa hiyo chombo huyumba, na wimbi la ubavuni huingia kwa urahisi. Faida yake ni kwamba hakina maungio, na pasipo maungio maji hayana pa kupenya, ila jua likilipasua gogo.

Ubao nao haukuwa mgeni ziwani. Mwaka huohuo wa 1858 Speke alivuka hadi kisiwa cha Kasenge kujaribu kukodi jahazi la mfanyabiashara Mwarabu, akarudi bila kulipata. Hata hivyo, vyombo vya mbao vilikuwa vya biashara na safari. Wavuvi waliendelea na magogo yao.

Uvuvi wa dagaa ulikuwa wa usiku wa giza. Moto wa kuni uliwashwa kwenye omo, dagaa wakapanda kuufuata, na mvuvi akawachota kwa lusenga, wavu wa mfuko wenye mpini mrefu. Kwa kazi hiyo gogo lilitosha: watu wachache, wavu mmoja, na samaki wa kujaza chombo chembamba. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, dagaa waliokaushwa mchangani wakapata njia ya masoko ya mbali.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na karabai, taa ya mafuta ya taa inayopigwa pampu, iliyoenea ziwani kuanzia miaka ya 1950. Mwanga wake uliwakusanya samaki wengi kuliko lusenga ilivyoweza kuchota. Wavuvi wakaunganisha mitumbwi miwili kwa miti iliyolazwa kukingama, wakatundika katikati wavu mpana unaoshushwa kilindini. Dagaa na migebuka wakikusanyika chini ya taa, wavu huvutwa juu kwa pamoja. Kazi hiyo inadai chombo kipana, chenye nafasi ya wavuvi, kamba na mzigo. Hapo ubao ukashinda, kwani fundi huupanua mtumbwi kwa kuongeza mbao, na tezi iliyokatwa wima hubeba injini.

Ushindi huo una gharama yake. Kila ungio ni mlango wa maji. Mtumbwi ukipandishwa mwaloni, fundi hukagua mbao moja baada ya nyingine, hung'oa kalafati iliyooza, na kushindilia pamba mpya kwa patasi na nyundo hadi ufa uzibe. Mwenye chombo akipuuza kazi hiyo, wavuvi hupoteza usiku wakikumba maji badala ya kuvuta wavu. Gogo halikumdai mwenyewe kazi hiyo.

Kwa hiyo aina hizo mbili ziligawana ziwa. Gogo dogo lilibaki karibu na ufuo, kwa mvuvi wa mshipi anayemtafuta kuhe, na mbao zikaenda maji makuu kufuata dagaa. Siku hizi taa za umeme wa jua zinachukua nafasi ya karabai, na boti za faiba, zisizo na maungio wala zisizofungwa na unene wa mti, zimeongezeka katika maziwa ya Tanzania.