Kupiga picha ya wanyama, majira na maisha ya kila siku: foto ndogo inavyoweza kuwa ushuhuda

Mwezi wa sita 2007, watafiti waliokuwa wakipita kwenye misitu ya Lomami walifika Opala, mji mdogo ulio leo katika jimbo la Tshopo. Nyumbani kwa mkurugenzi wa shule ya msingi walikuta kima mchanga anayefugwa, makako kama wengi wanavyosema. Wenyeji walimjua vizuri na walimwita lesula. Watafiti wenyewe hawakuwa wamemwona katika kitabu chochote. Wakampiga picha, kisha wakaanza kumtafuta porini. Mwaka 2012 lesula alitangazwa kuwa aina mpya kwa sayansi, na 2016 Mbuga ya Taifa ya Lomami ikaundwa.

Picha za kwanza za kima huyo zilipigwa uani, kati ya watu, si mbali porini. Ndiyo maana habari hii inawagusa wakaaji wa kawaida wenye simu mfukoni. Kwa sababu ya vita na hali ya barabara, wengi hawafiki tena kwenye mbuga. Lakini wanyama, mvua na kazi za kila siku ziko hapa hapa mtaani, na mtu anayezipiga picha kwa uangalifu anaweka kumbukumbu ambayo kesho hakuna atakayeweza kuirudisha.

Foto au picha?

Kivu na Ituri watu wengi husema « foto », kutokana na Kifaransa. Neno « picha » limetokana na Kiingereza, na yote mawili yanaeleweka. Huko Lubumbashi, wasanii waliunda shirika wakaliita Picha, na tangu 2008 linaandaa maonyesho makubwa ya picha na sanaa kila baada ya miaka miwili. Mmoja wa waanzilishi wake ni Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, ambaye alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi akaziweka juu ya picha mpya za viwanda vilivyobaki magofu. Kazi yake inaonyesha jambo moja: picha iliyotunzwa huzeeka vizuri.

Mwanga na majira

Sisi wa karibu na ikweta tuna jua linalopanda wima na kwa haraka. Goma au Bukavu jua huchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima. Mwanga laini, wa rangi ya dhahabu, haukai hata saa nzima. Kufika saa tano, vivuli vinakuwa vyeusi chini ya macho na uso unaharibika kwenye picha. Anayetaka foto nzuri ya watu aamke mapema, au amsogeze mtu chini ya kivuli cha mti ama mlangoni.

Kivu mvua hunyesha hasa kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa kumi na mbili, tena kuanzia wa tatu mpaka wa tano. Kiangazi kikubwa ni mwezi wa sita mpaka wa nane. Wakati huo vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa hujaa hewani, na milima hupotea. Mgeni anaweza kukaa Goma siku nyingi bila kuona vizuri mlima Nyiragongo. Mvua ikisafisha hewa, mlima unatokea wote, karibu kama unaweza kuugusa. Kwa hiyo, anayetaka picha ya milima asiiogope mvua. Angoje tu ikatike.

Lubumbashi mambo ni tofauti. Kule kiangazi ni kimoja na kirefu, tangu karibu mwezi wa tano mpaka wa tisa, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba kuna baridi kweli.

Njia rahisi ya kuonyesha majira ni hii: chagua mahali pamoja, kwa mfano mlangoni pa nyumba au kwenye daraja dogo la mtaa. Simama pale pale kila mwezi, saa ile ile, upige picha moja. Baada ya mwaka una picha 12. Utaona mahindi yakipanda na kuvunwa, mto ukijaa na kupungua, na pia korongo la mmomonyoko likikaribia nyumba za watu. Jambo ambalo jicho halilioni kila siku, picha hizo zitalionyesha.

Wakaaji wa Goma wanalijua hilo. Kuanzia 2002 mpaka 2021, ziwa la lava ndani ya Nyiragongo lilitia mawingu rangi nyekundu usiku. Watu walizoea, na wachache walijisumbua kulipiga picha. Tarehe 22/5/2021 mlima ukapasuka, lava ikashuka mpaka Buhene, na ziwa lile likakauka. Vijana waliozaliwa baada ya hapo watauliza usiku wa miaka ile ulikuwaje.

Wanyama: wa mbali na wa karibu

Picha ya mnyama iliyotikisa dunia zaidi kutoka Kongo ilipigwa mwezi wa saba 2007 ndani ya Mbuga ya Virunga. Brent Stirton, mpiga picha kutoka Afrika Kusini, aliwapiga wanaume wamebeba mabegani gorila mkubwa aliyeuawa kwa risasi, Senkwekwe, kama watu wanaobeba marehemu. Kabla ya hapo, wengi waliona mauaji ya ngagi kama habari ya mbali. Baada ya picha hiyo, walimwona mwenye mwili huo. Jina la Senkwekwe lilipewa kituo cha Rumangabo kinacholea gorila yatima.

Kituo hicho ndicho kilichotoa picha nyingine maarufu. Mwaka 2019 mlinzi wa mbuga Mathieu Shamavu alijipiga selfi, nyuma yake Ndakasi na Ndeze wamesimama kama watu. Dunia ilicheka na kufurahi. Lakini hao walikuwa yatima waliolelewa na watu. Kwa gorila wa porini kanuni ni nyingine: kukaa mbali, kuvaa maski, kutotumia mwanga wa flashi, kutokwenda ukiwa na mafua, na kutokaa zaidi ya saa moja. Ugonjwa mdogo wa binadamu unaweza kuua familia nzima ya gorila.

Lakini si lazima mtu asubiri gorila. Kandoni mwa Ziwa Kivu kuna mdiria anayeelea hewani kabla ya kujitupa majini, mnandi anayekausha mabawa juu ya jiwe, mwewe anayenyakua nyama sokoni, na kinyonga kwenye ua wa nyumba. Ukiwa na simu, usitumie zumu sana kwa sababu picha inachakaa. Sogea polepole kwa miguu, simama, ngoja. Ndege akizoea kukuona umetulia, atarudia kazi yake. Mpige usawa wa macho yake, hata ikibidi kupiga magoti kwenye matope.

Hapa kuna hatari moja ambayo wengi hawaijui. Simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Picha ya kiota cha kasuku wa kijivu au ya kakakuona, ikisambazwa pamoja na jina la kijiji, inaweza kumwongoza mwindaji haramu moja kwa moja. Biashara ya kimataifa ya wanyama hao wawili waliotoka porini imepigwa marufuku na nchi wanachama wa CITES tangu kikao cha 2016, kwa sababu wanaisha. Zima alama ya mahali kwenye kamera, na usitaje mahali kamili. Tena, usisambaze kwa kusifu foto ya mtoto wa mnyama wa porini amefungwa kamba; wengine watatafuta wa kununua.

Maisha ya kila siku

Kuna mtu anayesukuma chukudu yenye magunia ya makala, akina mama wanaochambua sombe, watoto na bidoni za maji, wavuvi wa sambaza wanaorudi alfajiri wakiimba, mitumbwi yao mitatu imefungwa pamoja. Sambaza wenyewe hawakuwepo zamani. Waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mzee mwenye picha ya soko la samaki kabla ya hapo ana mali kubwa kuliko anavyofikiri.

Katika picha za namna hii, tafuta mikono. Mikono inayofunga gunia au kuhesabu franka inasema mengi kuliko mtu aliyesimama wima akitazama kamera. Futa kioo cha simu kwa kitambaa safi kabla ya kupiga, maana mafuta ya vidole hutia ukungu. Gusa kwenye skrini sehemu unayotaka ionekane vizuri.

Heshima na usalama

Omba ruhusa. Kusema « Mama, naweza kukupiga foto? » hakupotezi dakika. Akikataa, mshukuru uende. Kwa mtoto, muulize mzazi. Mtu aliyekimbia vita, mgonjwa, au aliyetendewa ukatili asionyeshwe uso, hata kama amekubali siku ile. Kesho picha inaweza kufika kwa aliyemtendea. Kama umeahidi kumpa nakala, mpe.

Askari, vizuizi, kambi, uwanja wa ndege, madaraja na mipaka: usipige. Simu nyingi zimechukuliwa na watu wamefungwa juu ya picha moja ya barabarani. Hakuna picha ya machweo inayostahili bei hiyo.

Kutunza

Picha isiyo na tarehe na jina ni nusu picha. Andika siku, mahali na anayeonekana, hata kwenye daftari. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inapunguzwa ukubwa na habari zake za ndani zinafutwa. Ukitaka ibaki kamili, itume kama dokumenti, ingawa inakula mega zaidi. Weka nakala mahali pawili tofauti, kwa mfano kwenye kadi ya kumbukumbu na kwa ndugu anayekaa mji mwingine. Zile muhimu sana, zichapishe kwenye karatasi.

Mwezi wa tano 2023, mafuriko na maporomoko katika teritware ya Kalehe yaliua watu zaidi ya 400, hasa Bushushu na Nyamukubi, na nyumba nyingi zilifutika pamoja na vyote vilivyokuwemo. Mahali kama hapo, foto ya zamani ya siku ya soko, ambayo mtu aliipiga kwa kujifurahisha tu, inaweza kuwa ndiyo pekee inayoonyesha nyumba ya nani ilisimama wapi, na uso wa mama aliyekuwa akiuza ndizi mbele yake.