Daraja ya Juu ya Vivumishi: Kiingereza cha Kale, Kiswahili na Kimaasai

Husemwa mara nyingi kwamba Kiswahili kimepungukiwa na daraja ya juu ya vivumishi, kwa kuwa hakina kiambishi cha kulingana na -est ya Kiingereza. Dai hili huchukulia kwamba kiambishi ni chombo madhubuti. Historia ya Kiingereza chenyewe yalikanusha.

Tulitazame neno foremost. Katika Kiingereza cha kale, forma lilikuwa tayari na maana ya 'wa kwanza', nayo -m- ndiyo iliyobeba daraja ya juu. Wasemaji waliposahau kazi ya -m- hiyo, waliongeza -est, wakapata fyrmest. Baadaye mwisho wa neno ukadhaniwa kuwa ni most, ambalo halikuwamo kamwe. Utmost na inmost yalipita njia iyo hiyo. Next nalo lilikuwa daraja ya juu ya nigh, na near daraja ya kati. Shakespeare hakuona taabu kuweka most na -est katika kivumishi kimoja. Robert Lowth, katika sarufi yake ya mwaka 1762, alilikataa jambo hilo, ila akaliachia jina la Mungu, Most Highest. Na kanuni inayoomba udhuru mapema hivyo haina nguvu nyingi.

Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 humwita Mungu huyo huyo Aliye Juu, basi. Hamna kabisa wala kuliko. Kirejeshi kimemtenga mmoja, na hilo limetosha. Ndivyo tusemavyo pia 'huyu ndiye mkubwa', tukiwa na maana ya mkubwa wa wote.

Jina la Kajiado latoa ushahidi wa namna hiyo. Asili yake ni Olkejuado ya Kimaasai, 'mto mrefu': -ado ni 'refu', wala si zaidi. Katika nchi kavu kama ile, mto ulioitwa hivyo hauhitaji kutajiwa mingine. Ulinganisho ukitakiwa waziwazi, Kimaasai hutumia alang, 'kupita', kama Kiswahili kitumiavyo kupita na kushinda, ijapokuwa lugha moja ni ya Kiniloti na nyingine ya Kibantu.

Mwanafunzi wa Kitengela, mji ulio kwenye barabara ya Namanga, huzisikia lugha zote tatu. Darasani hukaririshwa good, better, best, kana kwamba ndiyo ngazi ya fikira zenyewe. Afadhali aonyeshwe pia kwamba kupita bado husikika kuwa ni kupita, ilhali kuliko, lililoundwa kwa ku-li-ko ya mahali, limekwisha kuganda kama next.