Chini ya Kikombe

Bibi yangu kule Tarime alikuwa na vyombo vya wageni: vikombe vya maua, ukingo wa dhahabu, vimefungiwa kabatini. Chini ya kila kimoja alipaka nukta ya rangi ya kucha. Vikiazimwa kwenye msiba, vilirudi kwa mwenyewe. Basi nami nikabaki na tabia hiyo: nikiona kikombe kizuri, nakigeuza.

Hebu tugeuze kimoja cha Ufaransa. Karakana ya kaure ilianza Vincennes mwaka 1740, ikahamia Sèvres 1756, na miaka mitatu baadaye Mfalme Louis wa 15 akaimiliki. Chini ya vyombo vyake kuna herufi mbili za L zilizopishana, alama ya mfalme. Kuanzia 1753 iliongezwa herufi ya mwaka, na wachoraji nao waliweka alama zao. Ndiyo maana leo, zaidi ya miaka 250 baadaye, mara nyingi tunaweza kumtaja aliyechora ua fulani.

Sawa. Lakini kikombe ni cha kunywea. Kahawa ilitoka wapi? Nyingi ilitoka Karibi. Nyingine ilitoka Bourbon, kisiwa cha Bahari ya Hindi ambacho leo kinaitwa Réunion, na huko mashamba yalilimwa na watumwa. Na hapo ndipo habari inaturudia sisi. Tarehe 14 Septemba 1776, Mfaransa Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa: apewe watu 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 kila mmoja. Mbali na bei hiyo, sultani alipata piasta 2 kwa kila kichwa.

Mkataba umehifadhiwa. Jina la Morice lipo, la sultani lipo, bei ipo. Majina ya hao watu hayapo. Mchoraji wa ua anajulikana. Aliyechuma kahawa iliyomiminwa juu ya ua hilo hajulikani.

Sisemi vikombe vile si vizuri. Ni vizuri mno, na hilo ndilo linalonisumbua.

Tarime nasi tunalima kahawa. Bibi aliichuma miaka mingi, akaiuza, kisha kwenye vikombe vyake akamimina chai. Vikombe vyake havina thamani sokoni. Ila ukivigeuza, nukta ile bado ipo, na sisi tunajua ni ya nani.