Gia za Mkono, Gia Otomatiki na Injini ya Dizeli katika Njia za Voi na Mbololo

Historia ya usafiri katika Taita Taveta huandikwa mara nyingi kwa kufuata reli, na jambo hilo linaeleweka, kwa kuwa mji wa Voi ulikua kandokando ya stesheni, na mwanzoni mwa mwaka 1898 reli iliyotoka Mombasa ilikuwa imekwisha kupita hapo ikielekea mto Tsavo. Hata hivyo, reli ilipita chini, katika nyika, ilhali sehemu kubwa ya Wataita waliishi juu, katika milima ya Dawida, Sagalla, Kasigau na Mbololo. Mlima Mbololo peke yake huinuka kutoka tambarare ya Voi, iliyo mita zipatazo 600 juu ya usawa wa bahari, hadi zaidi ya mita 1,700, nao umetengwa na Dawida kwa bonde la Paranga. Safari kati ya nyika na makazi hayo ilifanywa kwa miguu kwa vizazi vingi, na magari yalipochukua nafasi ya miguu, swali lililotawala kazi ya dereva halikuwa mwendo kasi bali lilikuwa namna ya kupanda bila injini kuzimika na kuteremka bila breki kushindwa. Swali hilo lilijibiwa ndani ya giaboksi, yaani sanduku la gia, na kwa sababu hiyo mabadiliko kutoka gia za mkono kwenda gia otomatiki yanastahili kuchunguzwa kama sehemu ya historia ya mahali hapa.

Injini ya mvuke husukuma pistoni kwa nguvu hata gurudumu likiwa limesimama, ndiyo maana garimoshi lililopanda kutoka pwani hadi Voi halikuhitaji gia za kubadilishwa njiani. Injini inayochoma mafuta ndani ya silinda zake, iwe ya petroli au ya dizeli, haina nguvu yoyote kabla ya kuzunguka, na ikizungushwa polepole mno huzimika. Basi lazima pawe na kitu kinachoiruhusu izunguke upesi wakati magurudumu yanakwenda taratibu, na kitu hicho ndicho giaboksi. Gia nzito, yaani ya kwanza na ya pili, hupunguza mwendo na kuongeza nguvu ya kuzungusha magurudumu; gia nyepesi hufanya kinyume chake. Klachi ni sahani inayobanwa kwa springi kati ya injini na giaboksi, na dereva akikanyaga kanyagio lake hutenganisha viwili hivyo ili gia iweze kuingia.

Dizeli, ambayo Rudolf Diesel aliionyesha ikifanya kazi barabara huko Augsburg mwaka 1897, ina tabia mbili zinazohusu jambo hili moja kwa moja. Ya kwanza ni kwamba hutoa nguvu kubwa ya kuzungusha ikiwa bado inazunguka polepole, jambo linalofaa sana kwa mizigo na miinuko. Ya pili ni kwamba uwanja wake ni mfupi: pale ambapo injini ya petroli hufika mizunguko 6,000 kwa dakika au zaidi, dizeli nyingi hazivuki 4,500, na zile kubwa za malori hufika nusu ya hapo au chini yake. Dereva wa dizeli kwa hiyo hubadilisha gia mapema na mara nyingi, na dereva wa lori lenye gia 10 au zaidi hushinda siku nzima mkono ukiwa kwenye leva.

Magari ya kwanza kuonekana kwa wingi katika eneo hili yalikuja na Vita vya Kwanza vya Dunia. Wajerumani waliiteka Taveta mwezi Agosti 1914, Waingereza wakajenga tawi la reli kutoka Voi kupitia Maktau kuanzia mwaka 1915, na katika mapigano ya mwaka 1916, yakiwemo ya kilima cha Salaita mwezi Februari, malori ya petroli na magari ya deraya ya Rolls-Royce yalitumika pamoja na wapagazi, ambao ndio waliobeba sehemu iliyo nzito kuliko zote. Giaboksi za wakati huo hazikuwa na sinkro, yaani pete za msuguano zinazolinganisha mwendo wa gia mbili kabla hazijashikana. Sinkro ilianza kuuzwa katika magari ya Cadillac mwaka 1928, na katika malori ilichelewa kwa miongo kadhaa. Dereva aliyekosea kipimo alisikia meno ya gia yakisagana.

Ustadi uliotokana na giaboksi hizo ulidumu Taita muda mrefu kuliko mtu anavyoweza kudhani, na sababu yake ni Land Rover. Gari hilo lilitoka mwaka 1948, mwaka uleule ambao Hifadhi ya Taifa ya Tsavo ilianzishwa, na likawa chombo cha askari wa wanyamapori, wamisionari, mashamba ya mkonge na maofisa wa serikali. Injini yake ya kwanza ya dizeli, ya lita 2 na nguvu za farasi zipatazo 50 tu, ilikuja mwaka 1957. Hadi Series III ya mwaka 1971, sinkro ya Land Rover ilikuwa katika gia ya tatu na ya nne peke yake. Maana yake ni kwamba dereva aliyekuwa akiteremka kwa gia ya tatu, akaona mteremko unazidi, alilazimika kukanyaga klachi, kuitoa gia ikae frii, kuachia klachi, kukanyaga mafuta kiasi ili injini ipandishe mizunguko, kukanyaga klachi tena, kisha kuingiza ya pili, na yote hayo yafanyike katika muda wa pumzi moja huku gari likiendelea kushika kasi. Akishindwa kuiingiza, gari lilibaki frii juu ya mteremko likiwa na breki za ngoma ambazo zikipata moto hupoteza nguvu. Hapa ndipo kanuni ya madereva wa milimani, kwamba gia uliyopandia ndiyo uteremkie, ilipopata uzito wake, kwa sababu iliwataka wachague gia juu kabla ya kuanza kushuka na si katikati ya hatari.

Injini yenyewe, gia nzito ikiwa imeingia na mafuta yameachiwa, hulizuia gari lisikimbie, na kazi hiyo huokoa breki. Dizeli haina kizibo cha kupunguza hewa inayoingia kama kile cha petroli, hivyo uzuiaji wake hautoshi kwa lori lililobeba tani nyingi, na ndiyo maana malori makubwa yalifungwa breki ya ekzosi, yaani kizibo katika bomba la moshi kinachoifanya injini isukume dhidi ya hewa iliyofungiwa. Madereva walioacha utaratibu huu na kushuka frii ili kubana mafuta walikuwa wakibadilisha senti chache kwa maisha ya abiria, na hakuna namna ya kuieleza tabia hiyo kwa upole.

Gia otomatiki hazikuwa jambo geni duniani wakati huo. Mjerumani Hermann Föttinger alipata hataza mwaka 1905 ya chombo ambacho baadaye kiliitwa konveta: feni mbili zinazotazamana ndani ya chungu kilichojaa mafuta, ya kwanza ikizungushwa na injini na kuyatupa mafuta kwenye ya pili, nayo ikizungusha giaboksi bila sahani yoyote kushikana na nyingine. Kampuni ya General Motors ilitoa Hydra-Matic, giaboksi ya kwanza ya otomatiki kuuzwa kwa wingi, katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Lakini teknolojia hiyo ilikua pamoja na injini kubwa za petroli za Marekani, ambazo zilikuwa na nguvu ya kupoteza. Konveta ya zamani iliteleza daima, na kila kuteleza kuligeuza nguvu kuwa joto. Mercedes-Benz 240D ya miaka ya 1970 ilikuwa na nguvu za farasi 65 tu, na ilipofungwa otomatiki ilikuwa nzito kiasi cha kumchosha dereva hata katika barabara tambarare za Ulaya. Katika Taita hali ingekuwa mbaya zaidi, maana dizeli isiyo na tabo, yaani feni ya kushindilia hewa ndani ya silinda, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda.

Yalikuwepo pia mambo ya gereji. Klachi ikiisha, fundi wa Voi aliweza kuishusha giaboksi ya mkono chini ya mti kwa jeki, kamba na spana, akabadilisha sahani na beringi, gari likaondoka siku hiyohiyo. Betri ikifa, gari la gia za mkono lilisukumwa au kuachiwa mteremkoni likawaka, jambo ambalo otomatiki ya kawaida haikubali kwa sababu pampu yake ya mafuta haifanyi kazi injini ikiwa imezima. Na otomatiki za gia tatu au nne, dereva alipoachia mafuta kwenye mteremko, zilipenda kupanda gia nyepesi wakati alipohitaji nzito, isipokuwa akumbuke kuirudisha leva mwenyewe. Wale wanaosema kwamba madereva wa huku walizikataa otomatiki kwa ukaidi au kwa kutokujua hawautendei haki uamuzi uliokuwa na hesabu kamili ndani yake.

Hesabu hiyo ilibadilika pale dizeli zenyewe zilipobadilika. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyotoka mwaka 1984 na kupata injini ya 1HZ mwaka 1990, ndiyo iliyoirithi nafasi ya Land Rover: lita 4.2, silinda sita kwa mstari, bila tabo, nguvu za farasi zipatazo 130 na gia tano za mkono. Wakati huohuo wahandisi walikuwa wakiunganisha tabo na mfumo wa reli moja ya mafuta, yaani bomba moja lenye shinikizo kubwa linalolisha nozeli zote kwa amri ya kompyuta, mfumo uliofika katika magari madogo mwaka 1997. Nguvu ya kuzungusha ikaongezeka maradufu, na mwaka 2007 Toyota ikatoa dizeli ya V8 ya lita 4.5 ambayo historia yake inaeleza jambo lote. Katika Land Cruiser 200, injini hiyo ilipewa tabo mbili, ikatoa nyutonimita 650, ikafungwa otomatiki ya gia sita. Katika mfululizo wa 70, injini hiyohiyo ilipewa tabo moja, ikapunguzwa hadi 430, ikafungwa gia tano za mkono. Mtindo huo ulijirudia katika Hilux ya lita 2.8 ya mwaka 2020, ambayo kwa gia za mkono hupata nyutonimita 420 na kwa otomatiki 500. Kilichokuwa udhaifu wa otomatiki kilihamia upande wa pili: sasa sahani ya klachi na meno ya gia za mkono ndiyo yaliyopaswa kulindwa dhidi ya injini. Aidha, konveta mpya hujifunga na kuacha kuteleza gari likishika mwendo, na wingi wa gia, ambao katika Land Cruiser 300 ya mwaka 2021 umefika kumi, huiweka dizeli ndani ya uwanja wake mfupi bila kumchosha mtu.

Nchini Kenya mabadiliko haya yaliharakishwa na biashara ya magari yaliyotumika kutoka Japani, iliyopanuka baada ya vikwazo vya uagizaji kulegezwa katika miaka ya 1990, na ambamo sheria huruhusu magari yasiyozidi umri wa miaka 8. Wajapani wengi huendesha otomatiki, hivyo mnunuzi wa Voi alipokea kilichochaguliwa na mtu wa Nagoya au Osaka miaka kadhaa kabla. Toyota Prado ya dizeli, iliyorudi katika soko la Japani mwaka 2015 baada ya kutoweka mwaka 2007, ilirudi kwa otomatiki pekee. Kwa mafundi hii imekuwa gharama: otomatiki hudai mafuta ya aina yake halisi, valvu zake hufunguliwa kwa umeme, na hitilafu zake husomwa kwa kompyuta.

Malori ya barabara kuu ya Mombasa, yanayopumzika Maungu na Voi, yamefuata njia ya tatu. Volvo I-Shift ya mwaka 2001, kwa mfano, ni giaboksi ya gia 12 za kawaida yenye klachi ya kawaida, isipokuwa mkono wa kuingiza gia ni wa mashine inayoongozwa na kompyuta. Hapana konveta, wala hapana kanyagio la klachi. Katika reli ya kisasa, SGR, iliyofunguliwa mwaka 2017, treni za dizeli hazina giaboksi ya kubadilishwa kabisa, kwa kuwa injini huzalisha umeme na umeme ndio unaozungusha magurudumu, mpango ambao reli ya zamani ilikuwa nao tangu dizeli zilipochukua kazi ya mvuke.

Sheria nayo imeutambua mgawanyiko huu. Leseni zinazotolewa na NTSA, mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, zina daraja B1 kwa gari dogo la otomatiki na B2 kwa lile la gia za mkono, na mwanafunzi wa leo anaweza kuhitimu bila kukanyaga klachi hata mara moja. Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenyewe imekuwa ikiuzwa kwa otomatiki ya gia sita na injini ya lita 2.8 tangu mwishoni mwa mwaka 2023. Hata hivyo, zile za 1HZ zenye gia tano za mkono bado zinapanda njia za udongo za Mbololo, na aliye na B1 haruhusiwi kuziendesha.