Haiba ya Kiongozi na Msongo wa Msimu: Hoja kutoka Vyama vya Ushirika vya Korosho, Newala na Masasi

Mkulima wa korosho wa Mnyambe, wilayani Newala, hupeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi (AMCOS), ukapimwa na kupangwa madaraja, akapewa stakabadhi, kisha akasubiri mnada na malipo. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwa korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, bei ikishuka, makato yakizidi au fedha zikichelewa, wa kwanza kuulizwa ni mwenyekiti na karani wa chama. Makala haya yana hoja mbili zinazotegemeana. Kwanza, haiba ya viongozi hawa hugusa ustawi wao na wa wanachama, lakini sifa zinazowapatia kura sizo zinazowasaidia kuongoza. Pili, hakuna haiba inayoweza kufidia mfumo unaomwachia mtu lawama bila kumpa mamlaka.

Wanasaikolojia wengi huieleza haiba kwa sifa tano: uchangamfu, uangalifu, upole, udadisi na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Mwaka 2002 Timothy Judge na wenzake walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi kuhusu sifa hizo na uongozi. Uchangamfu ulishika nafasi ya kwanza, ila ulihusiana zaidi na mtu kuonekana kiongozi kuliko kuongoza vizuri. Upole ulikuwa kinyume chake: haukumsaidia mtu kuibuka kiongozi, lakini ulihusiana na ufanisi wake akishashika nafasi. Wasiwasi ulihusiana na uongozi dhaifu. Mkutano mkuu unaomchagua msemaji hodari peke yake, basi, unapima jambo moja na kutarajia lingine.

Utafiti wa Adam Grant na wenzake wa 2011 unaongeza jambo linalotuhusu zaidi. Wanaoongozwa wakiwa watu wa kujiamulia na kutoa mawazo, kiongozi mkimya anayesikiliza hufanikiwa kuliko mchangamfu. Wakulima wa korosho ni watu wa aina hiyo. Kila mmoja ana shamba lake, hesabu yake ya salfa ya kupulizia mikorosho na madeni yake. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walizikataa bei za mnada waziwazi. Historia nayo inaafiki. J. Gus Liebenow, katika kitabu chake cha 1971 kuhusu Wamakonde, wenyeji wa Newala, anaonyesha jamii isiyokuwa na mtemi mmoja. Mkulungwa wa kila makazi aliongoza kwa ushawishi na ridhaa ya watu. Usikivu si sifa ngeni hapa.

Hata hivyo, haitafaa kuchukua dodoso la haiba na kuwachuja kwalo wagombea. Rachid Laajaj na wenzake walionyesha mwaka 2019 kwamba madodoso hayo, yakiulizwa ana kwa ana katika nchi za kipato cha chini na cha kati, mara nyingi hushindwa kuzipima sifa tano zinazokusudiwa. Wanachama wana kipimo bora: wanajua nani alisoma hesabu hadharani msimu uliopita, na nani alijificha malipo yalipokwama.

Haiba ina mpaka wake. Robert Karasek alieleza mwaka 1979 kuwa kazi humchosha mtu zaidi pale madai yanapokuwa makubwa na uwezo wa kuamua ukawa mdogo. Hiyo ndiyo hali ya mwenyekiti wa AMCOS. Novemba 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulikabidhi jeshi kazi ya kuisomba, malipo yalitanguliwa na uhakiki, na wapo waliosubiri kwa miezi. Mwenyekiti hakuamua lolote kati ya hayo, lakini ndiye jirani aliyebishiwa hodi. Hatari ya hali hiyo ilishaonekana Liwale, mkoani Lindi, Aprili 2013, hasira za malipo ya korosho zilipoishia katika kuchomwa nyumba. Mkulima naye, asipojua fedha itafika lini, huuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi wa bei ya chini nje ya mfumo rasmi, ili apate ya kula na ya ada. Akalipia kutojua huko kwa sehemu ya mavuno yake.

Kumwambia kiongozi wa namna hii awe mvumilivu ni kumtwika kosa la mfumo. Ustawi wake utalindwa kwa hatua mbili zinazokwenda pamoja. Wanachama wampime mgombea kwa usikivu, utulivu na rekodi yake ya uwazi. Vyama vikuu na Serikali navyo vitangaze mapema tarehe za malipo na mchanganuo wa makato, na vikichelewa vijieleze vyenyewe mbele ya wakulima. Utulivu wa kiongozi una faida pale tu anapokuwa na jibu la kweli la kuwapa watu wake, na jibu hilo ni haki yake na yao.