Kuongezewa njia: nani aliamua kwamba lazima ukatwe?

Muulize mama au shangazi aliyezaa Marekani au Uingereza miaka ya 1970 kuhusu uzazi wake wa kwanza. Huenda akashusha sauti na kusema, "Niliongezewa njia." Yaani alikatwa msamba, ile sehemu kati ya uke na njia ya haja kubwa, kisha akashonwa. Hivi, jambo hilo lilifanywaje kuwa la kawaida?

Mwaka 1920, daktari Joseph DeLee wa Chicago alidai kwamba uzazi wenyewe unaumiza: kichwa cha mtoto kinabanwa, msamba wa mama unachanika. Ushauri wake kwa mzazi wa mara ya kwanza ulikuwa huu: apewe dawa ya usingizi, akatwe, mtoto avutwe kwa koleo, kisha mama ashonwe. Aliamini kwamba mkato ungelinda misuli ya nyonga. Wakati huo uzazi ulikuwa unahamia hospitali, na wazo hilo likahamia nao. Kufikia 1979, takriban wanawake 6 kati ya 10 waliozaa kwa njia ya kawaida Marekani walikatwa.

Kwa miaka yote hiyo, wazo lenyewe halikupimwa ipasavyo. Uingereza, mwandishi Sheila Kitzinger aliwauliza wanawake wenyewe, nao wakaeleza maumivu ya kukaa, ya kutembea, ya kurudiana na mume. Kisha mwaka 1984 mkunga Jennifer Sleep na wenzake wakachapisha utafiti wa wanawake 1,000 huko Berkshire. Waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja wakunga wajizuie kukata, kundi la pili wakate ili kuzuia kuchanika. Kundi la kwanza walikatwa asilimia 10, la pili asilimia 51. Siku 10 baadaye, maumivu yalikuwa karibu sawa. Miaka 3 baadaye, tatizo la kuvuja mkojo nalo lilikuwa sawa. Ile kinga iliyoahidiwa haikuonekana.

Kufikia 2004, Marekani walikuwa wanakatwa kama robo tu. Leo Shirika la Afya Duniani halishauri kumkata kila mzazi. Mkato bado una nafasi yake, kwa mfano mapigo ya moyo ya mtoto yakishuka na inabidi atoke haraka.

Kwa hiyo ukiwa mjamzito, una haki ya kuuliza mapema: hapa mnakata lini, na kwa nini? Na baada ya kuzaa, maumivu yasipoisha, "vumilia, ndo uzazi" si jibu. Mambo yalibadilika kwa sababu kuna wanawake waliosema panapouma, na mkunga aliyeamua kupima.