Bei Ikishushwa, Jina la Mashine ya Gemu Hubakije?

Kila mara bei ya mashine ya gemu inaposhuka, vijana wa mtaani kwetu hunijia barazani na swali lile lile: "Ami, tununue sasa ama kuna kasoro?"

Huwa sijibu haraka, kwani nami nimewahi kuingia hasarani. Miaka ya nyuma mimi na binamu yangu tulichanga akiba yetu, tukanunua mashine mbili kwa bei ya kutupa ili tufungue chumba cha gemu. Mwezi wa kwanza kilijaa watoto. Kisha wakaanza kuulizia gemu mpya. Tukazitafuta duka hadi duka tusizipate, kumbe mtengenezaji alikuwa ameshaipa mashine ile kisogo. Chumba tukakifunga, binamu akarudi kwenye tuktuk yake.

Tangu hapo nimefuatilia biashara hii, na hili ndilo nililojifunza. Bei kushuka hakuharibu jina la mashine. Kinacholiharibu ni mnunuzi wa jana kutupwa.

Kwanza tujue pesa zinatoka wapi. Mashine yenyewe mara nyingi huuzwa kwa faida ndogo, na wakati mwingine kwa hasara. Faida imo kwenye gemu, kwa sababu kila nakala inayouzwa, hata ikiwa imetungwa na kampuni nyingine, mwenye mashine hupata fungu lake. Ni kama laini ya simu: laini huipata kwa pesa kidogo, halafu ukalipia muda wa maongezi maisha yako yote. Kwa hivyo kampuni ikipunguza bei si lazima iwe imeshindwa. Huenda inatafuta wateja zaidi wa gemu. Lakini watunzi wa gemu nao wana macho. Wakiona wanunuzi ni wachache huhama, na mashine isiyo na gemu ni sanduku tu.

Tazama yaliyoikuta Sega ya Japani. Mnamo Novemba 1994 iliuza Marekani kifaa kiitwacho 32X, cha kuongeza nguvu mashine yake ya zamani. Mei 1995, kabla hata mwaka haujatimia, ikatoa mashine nyingine kabisa, Saturn, kwa dola 399. Walionunua 32X wakaachwa solemba. Tena Saturn ilikuwa imetangazwa kuwa itakuja Septemba, lakini ikaletwa ghafla katika maduka machache, na wenye maduka mengine wakakasirika. Siku hiyo hiyo, kwenye maonyesho ya Los Angeles, Sony ikatangaza kwamba PlayStation yake itauzwa dola 299. Haikupita miezi mingi Sega ikashusha bei kuifuata, lakini imani ilikuwa imeshapungua.

Septemba 9, 1999, Sega ilirudi Marekani na Dreamcast kwa dola 199. Ilikuwa mashine nzuri, yenye modemu yake ya kuingilia intaneti. Mwaka uliofuata bei ikashushwa hadi dola 149. Oktoba 2000 Sony ikaleta PlayStation 2 kwa dola 299, yaani mara mbili ya bei ya Dreamcast, na bado watu wakaipangia foleni. Kwa nini? Ilionyesha filamu za DVD, na ilicheza gemu za PlayStation ya kwanza. Aliyenunua zamani hakutupwa. Januari 31, 2001, Sega ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza Dreamcast, kisha bei ikaangushwa hadi dola 99. Ziliuzwa takriban milioni 9 tu duniani, ilhali PlayStation 2 ilipita milioni 150.

Sasa mtazame Nintendo. Machi 2011 ilileta Marekani mashine ya mkononi, 3DS, kwa dola 249.99. Mauzo yakawa baridi. Agosti mwaka huo huo bei ikashushwa hadi dola 169.99, karibu thuluthi nzima. Aliyelipa bei kamili wiki chache kabla angehisi ameibiwa. Lakini Nintendo iliwapa waliotangulia gemu 20 za zamani bila malipo, na rais wake, Satoru Iwata, akakatwa nusu ya mshahara wake. Kabla mwaka kwisha zikaja gemu mbili mpya za Mario, watu wakapata sababu ya kununua. Hatimaye 3DS iliuza zaidi ya milioni 75.

Kampuni hiyo hiyo ilitoa Switch mwaka 2017 kwa dola 299.99, na kwa miaka minane haikuishusha bei hiyo kule Marekani. Gemu ziliendelea kuja, na Switch zaidi ya milioni 150 zikauzwa. Ndiyo maana wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Basi vijana wakinijia, huwauliza mambo matatu kabla hawajatoa pesa. Je, gemu mpya za mashine hiyo bado zinatoka? Je, bei imeshuka kwa sababu mtengenezaji anatafuta wateja zaidi, ama anamaliza ghala ajiondokee? Na mara ya mwisho alipobadilisha mashine, wateja wake wa zamani aliwafanyia nini?

Majibu yakiwa mema, nunueni, bei iliyoshuka ni neema. Yakiwa mabaya, hata ikiuzwa nusu bei iacheni dukani. Mimi na binamu hatukuuliza hata moja kati ya hayo matatu. Tulitazama bei peke yake, na mashine zile mbili ziko darini hadi leo.